Mitumba ya Karume kwa jicho la fundi cherehani: nanunua nini, naacha nini

Mtu akiniuliza ndani ya Dar es Salaam hii anunue wapi shati la pamba tupu, lililoshonwa kwa heshima, kwa pesa ambayo haimalizi mshahara, namwambia aende soko la mitumba la Karume, pale Ilala. Nasema hivyo nikiwa fundi cherehani. Sina kizimba pale na sina ndugu anayeuza. Kibanda changu kiko Buguruni, nashona magauni, sare za shule, na napunguza nguo za watu. Sehemu kubwa ya hizo ninazopunguza zimetoka kwenye meza za Karume. Kwa hiyo nazifumua, naona tumbo lake lilivyo, na najua ipi itavaliwa na mtoto wa kwanza mpaka wa tatu, na ipi itaachia mshono kabla ya Idi.

Ninaandika juu ya soko zima kwa ujumla wake: bidhaa, bei, namna mnunuzi anavyohudumiwa, na kile kinachobaki sokoni wanunuzi wakishaondoka. Hicho cha mwisho watu hawakiandiki wanapopima soko, ilhali kwangu ndicho kinachoamua nisifu kiasi gani.

Nianze na ubora. Juzi mteja aliniletea shati la kiume jeupe lenye mistari myembamba ya bluu, kalinunua elfu tano. Alitaka niingize mabega na kufupisha mikono. Nililipindua nikakaa nalo kitambo. Mishono ya ubavuni imelazwa na kupigwa mara mbili, ncha zote za kitambaa zimefichwa ndani, hakuna haja ya ovaloki. Nikaweka futi juu ya mshono: ndani ya sentimita moja sindano imepita mara saba. Mimi kwenye cherehani yangu ya mguu, kazi ya kila siku, naweka tatu au nne. Vifungo vimeinuliwa kidogo kwa uzi uliozungushwa chini yake ili kitambaa kisivutike ukifunga. Kola ndani yake ina kitambaa kigumu cha kushonewa, si kile cha gundi cha kupigia pasi ambacho baada ya kufuliwa mara kadhaa kinafanya mapovu. Lebo ilisema pamba asilimia 100, limetengenezwa Mauritius.

Shati la namna hiyo ukitaka nikushonee mimi kutoka mwanzo, kitambaa cha pamba ya daraja hilo peke yake kinapita elfu ishirini Kariakoo, bado hujanilipa ufundi. Yule kijana alitoa elfu tano sokoni na elfu tatu kwangu, akaondoka na shati ambalo wakili angelivaa mahakamani. Hiyo ndiyo faida ya biashara ya dunia ikishuka hadi kwa mtu wa Buguruni, na mtu asinidanganye kwamba ni faida ndogo.

Mama yangu anaielewa kuliko mimi. Alikuwa mama kijana mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, mafuta yamepanda bei duniani, fedha za kigeni nchi haina. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo, lakini vilikosa vipuri, dawa za rangi na umeme wa uhakika. Khanga ilipatikana kwa foleni na kwa majina yaliyoandikwa kwenye daftari. Ananiambia walikuwa wanakata khanga kuukuu kuwa nepi, nepi ikichakaa inakuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa, maduka yakaanza kujaa tena, na mitumba ikaingia kwa wingi. Walioishi foleni zile hawana subira na mtu anayewaambia mitumba ni aibu ya taifa. Mama akimsikia anayesema hivyo redioni anazima redio.

Na si Dar peke yake. Pale Karume utakutana na wachuuzi wa Njombe na Makete wakichagua majaketi mazito ambayo sisi wa joto hatuyagusi. Huko juu asubuhi ya mwezi wa saba baridi inauma kweli, na jaketi la manyoya la elfu kumi linamwezesha mtoto kufika shule. Halafu kuna riziki inayozunguka soko: wapagazi, wanaofua, wanaopiga pasi za mkaa, vijana wa kubadilisha zipu, mama ntilie, mimi mwenyewe. Januari 2022 moto uliteketeza soko lile na watu wengi walipoteza mtaji wote kwa usiku mmoja. Walirudi, wakapiga mbao upya, wakaendelea. Watu hawarudi kwenye majivu namna ile kama biashara haiwalishi.

Huduma nayo naisifu. Ukifika mapema, siku za katikati ya wiki, muuzaji anakupa nafasi ya kupindua nguo, kuivuta, kuipima begani. Anakuita "mama yangu" au "anti", anakushusha bei bila ugomvi, na ukiwa mteja wa kila mara anakuwekea pembeni vitu vyako. Mama mmoja muuzaji ninayenunua kwake ananiwekea mashuka meupe na magauni mapana ya pamba, anajua nayafumua nishone nguo za watoto. Mchana jua likikaza na watu wakijaa ni shida, njia ni nyembamba na pochi iwe mbele. Choo ni cha kulipia. Maegesho usiyategemee, panda daladala.

Sasa nije kwenye belo lenyewe, maana hapo ndipo ninapoanza kuguna.

Nguo za Karume hazikutoka moja kwa moja kwenye kabati la mzungu. Mtu wa Uingereza au Ujerumani anatumbukiza mfuko wake kwenye kasha la kukusanyia nguo, akiamini amesaidia maskini. Nguo zile zinauzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara. Zile bora kabisa zinabaki hukohuko kwenye maduka yao ya nguo zilizovaliwa, au zinakwenda nchi za Ulaya Mashariki. Zinazobaki zinachambuliwa Poland, Sharjah, au Kandla kule India, zinapangwa kwa aina na kwa gredi, zinabanwa kwa mashine kuwa belo la kilo 45 hivi, zinavikwa nailoni na kufungwa kamba za plastiki. Kutoka hapo kontena, meli, bandari yetu, ghala la jumla, mpaka mgongoni mwa mpagazi.

Muuzaji wa Karume ananunua belo limefungwa. Nje limeandikwa tu "blauzi" au "shati za kiume" au "watoto mchanganyiko". Ndani yake hajui. Ukishakata kamba, mzigo ni wako, hata ukikuta ndani vumbi tupu.

Nilikuwepo yule mama anayeniwekea mashuka alipofungua belo la blauzi alilolitoa kwenye duka moja la jumla. Lilikuwa la gredi ya kwanza, kwa maneno ya muuzaji. Alikata kamba kwa kisu, nailoni ikapasuka, nguo zikavimba kama mtu aliyeachiwa pumzi. Akaanza kuzigawa mafungu. Fungu la kutundika, ambazo atauza elfu nane mpaka kumi na mbili. Fungu la kumwaga chini, buku buku. Na fungu la tatu, lililokuwa linakua haraka kuliko yote mawili.

Nikachuchumaa nikaanza kulipitia. Blauzi nyepesi zinazoonyesha vidole upande wa pili, mishono imetanuka. Vipodozi vimeganda kolani. Moja ina alama ya pasi, kitambaa kimeyeyuka na kuwa kigumu kama ganda. Na kilichoniuma zaidi, zilikuwemo ambazo zina kipande cha bei cha dukani bado kinaning'inia. Hazijavaliwa hata siku moja. Zimeshonwa vibaya toka kiwandani: shingo imepinda, mkono mmoja mrefu. Kuna mtu Asia amekesha kwenye cherehani kuzishona, zimesafirishwa hadi Ulaya, hazikuuzika, zikasafirishwa tena hadi Ilala kuja kutupwa.

"Fundi, hebu niambie ukweli," mama akasema, "hizi zinaokoleka?"

"Mama, hizi mbili nitazifanyia kitu. Nyingine hazishiki hata sindano."

"Na nimezilipia kilo sawasawa na hizo nzuri."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Kilo ya takataka na kilo ya shati la Mauritius zina bei moja ndani ya belo. Anayeuza kule amepunguza gharama ya kutupa taka kwake, na juu yake amelipwa. Mwanamke mwenye mtaji wa kukopa kikoba ndiye anayebaki kuilipia safari yake ya mwisho. Nimewasikia watu wengi wanamlaumu yeye kwa uchafu wa soko. Mimi simlaumu. Yeye ndiye wa kwanza kuibiwa.

Tofauti kati ya fungu la kwanza na la tatu, mara nyingi, ni kitambaa. Wateja wangu wote nimewafundisha namna ya kukijua, na nitaeleza hapa pia kwa sababu lebo mara nyingi imekatwa. Pindua pindo la ndani, chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe, usichukue wa mshono, maana uzi wa mshono karibu kila nguo siku hizi ni poliesta. Sogea pembeni mbali na nguo, ushike kwa kibano, uuwashe. Pamba inawaka kwa mwali wa njano, inanuka karatasi iliyoungua, inabaki majivu laini ya kijivu ambayo ukiyapuliza yanapotea. Poliesta haisubiri mwali, inajikunja ikikimbia moto, inayeyuka, inatoa moshi mweusi wenye harufu ya utamu wa ajabu, na inaacha shanga nyeusi ngumu. Usiiguse, inaunguza. Ikipoa ibonyeze kwa ukucha uone: ni plastiki.

Ni plastiki ileile ya chupa ya maji. Mafuta ya petroli yamegeuzwa punje, punje zikayeyushwa, zikavutwa kuwa nyuzi. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta. Mwaka 2000 dunia ilitengeneza nyuzi za kila aina tani milioni 58 hivi. Mwaka 2023 zilipita tani milioni 120. Watu hawakuongezeka mara mbili katika muda huo. Nguo ndizo zilizoongezeka, na zilizoongezeka zaidi ni hizi za plastiki, kwa sababu ni rahisi kuzitengeneza haraka na kuziuza kwa bei ya chini. Wimbi lile ndilo ninaloliona ndani ya belo. Mafundi wazee wa Ilala wanakwambia mitumba ya miaka ya 1990 ilikuwa mizito mkononi. Si kumbukumbu za uzee zinazowadanganya.

Chupa ya maji Buguruni haikai chini. Vijana wanapita na viroba, wanaokota, wanauza kwa kilo, kuna mashine ya kuzisaga. Blauzi ya plastiki ileile haina anayeiokota. Nyuzi zake zimechanganywa na pamba kidogo, na mpira, na rangi, na zipu, hakuna wa kuitenganisha. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 nilifurahi sana, wateja wakaanza kuja na vikapu. Lakini mfuko ule ulikuwa na uzito wa manyoya ya kuku. Belo moja lina kilo 45.

Pamba ikichakaa ina kwa kwenda. Fulana iliyotoboka nakata vipande, mafundi magari wananunua fungu kwa fungu kufutia oili. Hata vipande vidogo najazia mito. Na ikitupwa shimoni inaoza. Poliesta fundi gari haitaki, hainyonyi oili, inaisambaza tu. Kwa mto inafaa kidogo. Zaidi ya hapo ni jaa, na jaa letu kubwa liko Pugu Kinyamwezi, mbali, na gari la taka linalipiwa. Kwa hiyo nyingine zinachomwa jioni pembeni, na ule moshi mweusi niliousimulia wa uzi mmoja, fikiria ni wa fungu zima, watoto wakicheza upande wa upepo. Nyingine zinaingia mtaroni.

Mtaro wa upande huu wa mji unaelekea Msimbazi. Mto unaanza vilima vya Kisarawe na Pugu, unakatiza mji mzima, unapita Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Selander. Masika maji yakipanda barabara ya Jangwani inafungwa, na wakazi wa bondeni wanaanza kuhamisha magodoro. Nimeona vijana wakizibua kalavati kwa koleo. Chupa zinatoka kirahisi. Nguo inatoka kwa kuvutwa na watu wawili, imesokotana, imeshika matope, imekuwa kamba nene. Kitambaa ndicho kinachoziba. Na kule mdomoni mwa mto, kwenye mikoko, maji yakikupwa utaona matambara yamening'inia kwenye mizizi, rangi zake bado kali, maana poliesta haipauki upesi.

Kuna na lile lisiloonekana. Ukifua nguo ya poliesta kwenye beseni, maji unayomwaga yana vipande vidogo vya nyuzi vya plastiki visivyoonekana kwa macho, vinafuata mtaro uleule hadi kwa samaki. Hata nguo iliyo nzima, inayovaliwa na kupendwa, inafanya hivyo kila inapofuliwa. Ndiyo maana siku hizi nguo za ndani za watoto nashona kwa mashuka ya pamba tu. Mteja akitaka nyingine, nitamshonea, lakini nitamwambia kwanza.

Wapo watakaosema: basi tuachane na mitumba, tununue mpya. Nimezipima na hizo pia, maana zinaletwa kwangu. Magauni mapya ya Kariakoo ya elfu kumi na tano mpaka ishirini na tano, yale yanayokuja kwa kontena kutoka China na kuning'inizwa mlangoni, mengi ni poliesta tupu. Yanapendeza siku ya kwanza. Saizi zote zipo, hakuna alama ya mtu mwingine, na hilo nalielewa, mtu anataka chake. Lakini mshono wa ndani umeachiwa nafasi ya milimita tatu nne hivi, nikitaka kumwachia mteja aliyenenepa sina pa kushika. Zipu ni ya plastiki nyembamba, inaachia meno. Kwa mazingira ni belo lile la fungu la tatu, tofauti ni kwamba limeruka kituo cha Ulaya. Nguo hizo ningezipa nyota mbili, na hizo mbili ni za rangi.

Na pamba nayo nisiipambe kupita kiasi. Fulana moja ya pamba inahesabiwa kunywa maji lita 2,700 hivi mpaka iwe fulana. Kule Asia ya Kati, Bahari ya Aral imekauka sehemu kubwa kwa sababu mito miwili iliyokuwa inailisha, Amu Darya na Syr Darya, iligeuzwa kumwagilia mashamba ya pamba tangu enzi za Wasovieti. Meli za uvuvi zimebaki zimekaa juu ya mchanga. Kwa hiyo shati la pamba ambalo tayari limeshonwa, maji yake yameshanywewa, dawa zake zimeshapuliziwa, kulivaa tena miaka kumi ni heshima kwa gharama iliyokwisha kulipwa. Hapa Karume inafanya kazi nzuri kuliko maduka mengi yanayojiita rafiki wa mazingira.

Ila linaniuma jambo moja nikishika shati lile la Mauritius. Pamba tunayo. Inalimwa Simiyu, Shinyanga, Mwanza, kwa mvua ya Mungu, bila kuhamisha mto. Wakulima wanaivuna kwa mkono, inachambuliwa mbegu, na iliyo nyingi inauzwa nje ikiwa bado nyuzi, inakwenda kusokotwa na kufumwa Asia. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma kulikuwa na Mutex. Mimi nilijifunza kukata kwa kitambaa cha Urafiki, kilikuwa kigumu, kinachokubali mkasi. Viwanda vile vilikuwa vimeshadhoofika mitumba ilipofika, na mitumba ikavimaliza nguvu iliyobaki. Ni vigumu kushindana na shati ambalo aliyelitoa hakudai hata senti.

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole mpaka 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye mpango wa AGOA, ule wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Tulinyimwa hata nafasi ya kuamua wenyewe tunavaa nini. Sikutaka marufuku ile ipite namna ilivyopangwa, kwa sababu najua nafasi ya shati la pamba la elfu tano ingejazwa na gauni la Kariakoo la plastiki, na mama wa kizimba angebaki na mkopo. Lakini kutishwa kule sikukusahau.

Ninachotaka mimi ni kidogo kuliko marufuku. Uchambuzi ufanyike kule zinakotoka, na ufanyike kweli. Kisichovalika kibaki huko. TBS, shirika letu la viwango, iliweza kupiga marufuku nguo za ndani za mitumba, kwa hiyo kukagua kinachoingia ni jambo linalojulikana. Na pesa ifuate belo. Ufaransa tangu mwaka 2007 ina utaratibu wa kumtoza kiwanda au muagizaji ada kwa kila nguo anayoiingiza sokoni, ili nguo hiyo ikichakaa kuwe na fungu la kuishughulikia. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya umepitisha kwamba nchi wanachama wote wafanye hivyo. Vizuri sana. Lakini nguo hiyo haichakai Ufaransa. Inachakaa Ilala. Ada imelipwa kwa nguo ambayo mwisho wake unazibuliwa kwa koleo na kijana wa Jangwani asiyejua kwamba kuna ada. Sehemu ya fedha ile ingelipia gari la taka la soko, na mashine ya kukata matambara, na kurudisha pesa ya mama aliyeuziwa fungu la tatu.

Alama zangu, basi. Mashati ya kiume ya pamba, jinzi nene zisizovutika, mashuka, majaketi ya baridi: nyota tano, nenda ukiwa umetulia na muda. Nguo za watoto: nne, angalia vifungo na mipira ya kiunoni. Sweta: tatu, zisugue kwapani kwanza, zikitoa vijidonge ziache. Blauzi na magauni mepesi ya kike: moja, labda uzipate za pamba au hariri, na zipo, ila utachakura. Viatu siviongelei, si kazi yangu.

Ukienda kununua jinzi ivute kwa mikono miwili kwenye paja. Ikirudi kama mpira, ina plastiki ndani na magoti yatatoka kabla ya mwaka. Isiporudi, inunue hata ikikuzidi kiuno, kiuno kinapunguzika. Makoti yaliyochakaa yenye zipu nzito ya chuma nunua kwa ajili ya zipu tu, mpya yake dukani ni ghali kuliko koti zima, na bitana yake inafaa kwa sketi. Mashuka meupe mazito, yale yanayoonekana yametoka hotelini, yapo zaidi asubuhi belo likiwa jipya. Yanauzwa elfu nne mpaka saba, na shuka moja kubwa linatoa mashati mawili ya shule ya mtoto wa darasa la tatu, pamoja na mifuko na kola.